Nilimwamkia Kaka Nisinywe Dawa Yake

Kaka yangu mkubwa ni wa Mugeta. Usiku mmoja alilala kwa mwanawe Butiama ili awahi, akanifikia Mugango alfajiri na kibuyu cha mizizi. Aliniwekea kidole mdomoni, maana kwetu dawa ya namna ile mgonjwa anainywa kabla hajala wala kuongea. Ukiongea, imekufa.

Nina kansa ya damu, ile inayokwenda polepole. Bandama ilivimba, tumbo likawa kama la mjamzito, na uzee huu. Majirani walicheka, na mimi nikacheka. Musoma wakanituma Mwanza, nikapewa vidonge vinavyoifuata mbegu yenyewe ya ugonjwa. Kimoja kila siku, baada ya kula, na maji mengi. Vinanivimbishaga macho kama nimelia, lakini tumbo lilishuka, na damu inapimwa mara kwa mara. Shule mimi niliishia la tatu, pamba ilikomaa nikatolewa nikavune, ila maneno ya daktari niliyashika. Alikuwa binti mdogo, kucha nyekundu, akaniambia:

“Bibi, ukijisikia mzima usiache. Ugonjwa umelala tu, ukiacha unaamka. Na mizizi usichanganye.”

Tangu niliporudi, kaka alikuwa anadai tumbo limeshushwa na dawa aliyonipakaga mgongoni. Sasa alitaka niache vidonge mwezi mzima ninywe kibuyu, eti dawa mbili zinagombana tumboni. Ukoo ulishakubali. Mwenye tumbo sikuulizwa.

Kwetu mdogo hamkatalii mkubwa, tena mdogo mwenyewe mwanamke. Ningesema siitaki, ningeitiwa kikao. Nikapiga goti vizuri.

“Shikamoo, kaka.”

Akafumba macho. Shikamoo haiachwi hewani.

“Marahaba,” akasema, kama mtu aliyekanyaga mwiba. “Umeiua dawa.”

“Afadhali ife hiyo kuliko mimi.”

“Bibi zetu wote walinywaga hii.”

“Na wako wapi?”

“Mdomo wako ndio ungetibiwa kwanza. Kesho nakuja tena.”

“Njoo. Utanikuta naongea na kuku.”

Akacheka bila kutaka, akakalia kigoda, kibuyu kati ya miguu. Nikaleta ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vyetu vya ziwani. Nikala mbele yake, nikameza kidonge na kikombe kizima cha maji, nikamfunulia mdomo aone kimekwenda. Alinitazama mpaka nikafunga, ndipo akauliza kama furu wamebaki.