Nilimuua Kapteni Faraji kwa nazi, wasomaji wakaja kwetu Magogoni na msiba

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa upande wa pili, Bwana asifiwe.

Haya ninayoyaleta yamenipata mwenyewe, wallahi sijatia chumvi. Chumvi huwa naitia kwenye hadithi zangu, si hapa.

Mimi ni fundi wa friji, Magogoni, huku Kisauni. Mchana nashinda na mafriji ya watu, jioni naandika hadithi za mapenzi.

Ndiyo, mapenzi. Wenye kucheka chekeni mmalize, nawangoja.

Tuko watatu kwenye kazi hii. Kuna Mwanaisha wa Likoni, muuza mahamri, na Kadzo wa Changamwe, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kila mmoja ana hadithi yake, lakini grupu la wasomaji ni moja, na tunatupia humo kipande kipande.

Mmoja akikwama, wenzake wanamsukuma. Mwanaisha akiona nimenyamaza hunipigia: "Fundi, watu wana njaa, tupa kipande." Kadzo naye ndiye aliyenizuia nisimpeleke Saida ufuoni na viatu vya kisigino kirefu.

Saida ni binti wa Mkomani katika hadithi yangu. Mpenzi wake ni Kapteni Faraji, rubani. Wamependana, wametenganishwa na shangazi, wamerudiana, shangazi kajaribu tena, kashindwa.

Sasa Alhamisi moja nikaamua kumaliza. Kapteni anakwenda kuposa, kavaa kanzu nyeupe, ananukia udi. Akapita chini ya mnazi. Nazi ikamwangukia kichwani. Akafa.

Nikaandika MWISHO kwa herufi kubwa, nikalala usingizi mtamu sana. Nilikuwa nimejisadikisha kuwa hadithi nzito lazima iishe kwa machozi.

Grupu likawa kimya. Ijumaa kimya, Jumamosi kimya. Nikajiambia, hawa wameguswa.

Na Jumapili ndiyo tulikuwa tumepanga karamu ya kuwashukuru wasomaji, uani kwa dada yangu. Mwanaisha alipika pilau, Kadzo akaleta mikeka na turubai. Tulitaka waone kwamba tunawathamini, maana bila wao sisi ni watu watatu wanaojisemesha kwenye simu.

Wasomaji wakaanza kuingia.

Wanawake wamevaa nguo nyeusi tupu, uso hauna hata wanja. Mzee Chengo wa Shanzu, mlinzi mstaafu, alivua kofia mlangoni. Bi Mwanakheri wa Likoni, mama mtu mzima, alikuja na sukari na majani ya chai ndani ya mfuko, kama watu waendavyo matangani.

Wakanipa mkono mmoja mmoja. "Pole kwa msiba."

Nikajibu "nishapoa" kabla sijafikiri.

Dada yangu akatoka jikoni mbio kuuliza ni nani aliyefariki kwetu na mbona yeye hajaambiwa.

Pilau ikaandaliwa kwenye masinia. Wakaiangalia tu. Hakuna mkono uliosogea.

"Bwana fundi," Mzee Chengo akasema, "si kwa ubaya, lakini hatuli mpaka Kapteni arudi. Rubani mzima, kazi yake kupaa juu ya mawingu, wewe unamuua kwa nazi."

Mimi nikasimama na kiburi changu. Nikawaambia hadithi ni yangu, na mwandishi akishaua, ameua.

Wasichana wawili wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Mwanaisha akanikanyaga mguu. Nikaona kweli grupu linavunjika, si langu peke yangu, na la wenzangu pia.

Ndipo Bi Mwanakheri akaongea, polepole, wala hakuinua sauti.

"Mwanangu, mimi mume wangu alitoka asubuhi kwenda kazini, jioni nikaletewa maiti. Yule sikuweza kumrudisha, nani angeweza? Lakini huyu wako, mkono wako ndio uliomlaza, na mkono wako unaweza kumwinua. Sasa unakataa kwa nini?"

Wakuu, nilivuta mkeka. Nilikaa chini.

Akainuka Kadzo. Hadithi yake yeye inatokea hospitalini, kuna muuguzi anaitwa Dama ambaye wasomaji wanampenda kuliko ndugu zao.

"Jamani," akasema, "Dama alikuwa zamu siku ile. Kapteni aliletwa kwetu."

Vichwa vikageuka. "Akiwa hai?"

"Anapumua. Kwa mbali, lakini anapumua."

Hakuniomba ruhusa, nami sikumzuia.

Mwanaisha akadakia. Kwenye hadithi yake kuna Bi Tuma, mmbea asiyeweza kuweka neno hata kwa dakika. "Bi Tuma si mnamjua? Alimkuta amelala chini ya mnazi, akakimbia kutangaza kifo bila kumgusa."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza. Papo hapo wakaamini kuwa Bi Tuma alitangaza uongo.

Lakini Mzee Chengo hakuridhika. Nazi kavu ikitoka juu inaua, akasema, na yeye hataki kudanganywa kama mtoto.

Basi ukazuka mjadala wa nazi.

Mama mmoja akapendekeza kidaka, kile kichanga kabisa. Akapingwa: kidaka angekipangusa tu akaenda zake kuposa. Mwingine akataja dafu. Likakataliwa, dafu zito lile na maji yake lingempasua. Wakafika kwenye kitale, kilichopita kidaka na hakijawa dafu. Hicho kinazimisha, hakiui.

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Kitale kikapita. Nimehudhuria mikutano ya maana isiyokuwa na nidhamu ile.

Nikasimama tena, safari hii bila kiburi, nikawasimulia papo hapo. Dama anabadilisha kitambaa cha maji. Kapteni anafungua jicho moja. Anauliza, "Saida ameshakubali, au nilianguka kabla ya kuuliza?"

Vigelegele vilivyopigwa, majirani walikuja kuuliza bibi harusi yuko wapi.

Bi Mwanakheri akafuta macho kwa mtandio, kisha akaomba asogezewe sinia, upande wenye nyama isiyo na mfupa.

Tuliwahudumia wenyewe, waandishi wote watatu, tukizunguka na majagi ya maji. Binti mmoja anayefua katika hoteli ya Shanzu aliniambia husoma huku akikunja mashuka, na msimamizi wake anaamini sabuni ndiyo inayomtoa machozi. Hiyo ni sifa ambayo sitaisahau.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wana misiba yao ya kweli nyumbani. Kwangu wanakuja kupumzika, si kuongezewa mwingine. Na ukiwa mwandishi, pata wenzako watakaokuazima muuguzi siku umejifunga mwenyewe.

Haya, nanyi semeni. Ni mhusika gani aliyewahi kuwakosesha chakula?

Na mwenye joho la kumtosha rubani mrefu, mwembamba kiasi, anijulishe. Wasomaji wameunda kamati ya harusi, na mimi nimepewa kazi ya kumvisha bwana harusi asiyekuwepo.