Bi Patachimbika

Neno alilolisema Bi Khamisa Pandu lilikuwa "hatuondoki". Alilisema kwenye pwani ya Jambiani, amesimama katika maji ya magotini na kamba ya mwani mkononi, akimjibu kijana wa gazeti aliyemuuliza watafanya nini ikiwa mwekezaji wa hoteli atapewa kipande chao cha pwani. Hakupandisha sauti. Alianza kulima mwani wakati Saadiya, bintiye, akiwa bado ananyonya, na mwani huo ndio uliomsomesha mpaka akawa mwalimu huko Mpendae.

Mhariri wa gazeti, Ubwa, alikaa mjini katika chumba chake cha juu huko Mji Mkongwe, akalitazama neno lile akaliona halina chumvi.

"Hatuondoki atalinunua nani?" alisema.

Akaandika kwa wino mwekundu: PATACHIMBIKA JAMBIANI. Chini yake akaongeza: Akinamama watangaza vita. Pembeni akaiweka picha ya Bi Khamisa.

Kila Mswahili anajua kwamba anayesema patachimbika hakusudii jembe, anatisha. Lakini gazeti lile lilikuwa limeshatisha mno. Mwezi uliopita liliandika kuwa nchi yawaka moto, watu wakatoka nje wakakuta jua lile lile na foleni ile ile ya mkate. Mtu akitishwa kila siku, mwisho hucheka kabla hajasoma. Tena lipo jingine, ambalo hatupendi kulisema. Kuizungumzia ardhi waziwazi, na nani anapewa nani ananyang'anywa, kunataka moyo. Kumcheka bibi wa mwani hakutaki kitu.

Siku gazeti lilipotoka, adhuhuri haijafika, Bi Khamisa alikuwa ameshatiwa jembe mkononi pichani na kofia ngumu kichwani, anazunguka kwenye simu za watu. "Patachimbika nini, muhogo au viazi?" aliandika mmoja. Mwengine akajibu: "Bi mkubwa, pitia na Kikwajuni, tuna kisima kimetushinda."

Saadiya alipiga simu.

"Mama, ulisema nini kwa hao watu?"

"Nlisema hatuondoki."

"Basi huku hata walimu wenzangu wananicheka. Wamekutia jembe."

"Wamelitia wapi?"

"Mkononi. Pale palipokuwa na kamba."

"Na kamba yangu?"

"Wameifuta, mama."

Wiki ile ile kamati ya ardhi ilikuja kuwasikiliza wanakijiji. Wanawake walikuwa wamemchagua Bi Khamisa awasemee, kwa kuwa hababaiki mbele ya wakubwa. Alipoinuka, sauti ikatoka nyuma: "Haya jamani, majembe tayari." Watu wakaangua kicheko. Hata wakulima wenzake walijiziba midomo kwa ncha za kanga. Mwenyekiti alijifuta macho.

"Bi Khamisa, leo tunaanza kuchimba upande gani?"

Alingoja watulie. Kisha akasema, "Nnasema hatuondoki."

Ndipo wakacheka zaidi, kama kwamba utani ulikuwa unasubiri kumaliziwa. Wapo waliompigia makofi kwa mapenzi kabisa. Mwenyekiti akamshukuru, akaita jambo linalofuata.

Njiani Mwatum, jirani yake wa shambani, alitembea naye mpaka karibu na nyumbani, ndipo aliposema:

"Shoga yangu, kikao kijacho tumpeleke mtu mwengine. Si kwa ubaya."

"Kwani nimekosea wapi?"

"Hukukosea. Lakini ukisimama tu, wanacheka. Hawasikii."

"Na wewe ulicheka, Mwatum."

"Nlicheka," alisema Mwatum. "Kilinitoka tu."

Wakampeleka Borafya, mume wa Mwatum, mvuvi mstahiki ambaye hakuwahi kufunga mwani hata siku moja. Hakuna aliyemcheka. Alipoulizwa kama wanawake wanaweza kusogea, kumpisha mwekezaji, alijibu kwa adabu kwamba kusogea mbali kidogo hakuna tabu. Ikaandikwa hivyo, wakapeana mikono.

Mbali kidogo ni maji ya kifuani, hata yanapokupwa. Bi Khamisa hajui kuogelea. Alijaribu kulima huko mara moja, wimbi likamwangusha, Mwatum akamvuta kwa kanga. Sasa hukaa mchangani akiwafungia wenzake mbegu kwenye kamba, wao huenda kuzipanda. Mwani ukivunwa humkatia fungu, naye hupokea.