Jiko Lisilo na Moshi

Mimi ni mgonjwa wa vifaa vya jikoni, na sioni haya kusema. Nyumbani kwangu Ipuli kuna mashine ya kukatia mboga, kikamulio cha ndimu, mzani, brenda mbili, na simu iliyojaa video za wapishi wanaonifundisha mambo ambayo mume wangu anasema hakuna aliyeyaomba. Akiniona naingia na mfuko mpya huuliza, "Hiki nacho kinakuna nini?" Namwacha acheke, kula anakula. Lakini vile vya mama yangu kule Kwihara sikuvinunua kwa ugonjwa huo. Nilivinunua kwa hofu.

Mama ni mjane, anaishi peke yake. Amepikia kuni tangu alipoolewa, na kifua kilipombana sana daktari alisema waziwazi: moshi basi. Kaka yangu mkubwa akadakia hapohapo. Mama ahamie kwake mjini, nyumba ipangishwe, shamba walime wengine. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi hapa nitatoka nimebebwa." Kaka akasema haya, apike bila moshi tuone, akishindwa, kabla ya mvua anamhamisha. Mimi nikaenda kununua mtungi wa gesi.

Nilipeleka jiko la gesi, presha kuka na brenda moja. Brenda ilirudi nami mjini siku ileile. Mama anapika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na karanga zake anataka zitwangwe zibaki na chengachenga. Alionja zile za brenda akasema, "Hizi mbona umeshanitafunia?"

Jiko nililiweka juu ya meza, kama nilivyoona kwenye video. Maji yakachemka vizuri. Kuja kusonga ugali, sufuria ikaanza kuzunguka na mwiko. Kwenye mafiga mama alikuwa anakaa kwenye kigoda, anabana mdomo wa sufuria kwa kijiti chenye panda alichokikanyaga kwa mguu, mikono yote miwili iko kwenye mwiko. Sasa amesimama, mkono mmoja umeshika sufuria ya moto kwa kitambaa, mwingine unasonga, na viganja vyenyewe vinamuuma. "Unataka nisonge ugali," aliniuliza, "au nicheze nao ngoma?" Nikalishusha jiko chini. Wiki iliyofuata nilimchorea fundi wa kuchomelea fremu ya chuma yenye meno ya kubana sufuria, mama akakaa kwenye kigoda chake akasonga ugali mgumu kama anaoutaka. Katika vitu vyote nilivyowahi kununua, sijapata kufurahia kama kile chuma.

Presha kuka ndiyo ilitaka kuniua. Nilimweleza mama asijaze maji kupita nusu, asifungue kabla mvuke haujaisha. Magadi sikuyataja, maana hayakunijia kichwani. Na nani huku kwetu anapika maharage makavu bila magadi? Mkono unayatia wenyewe. Akatia, akafunga, akawasha. Povu likapanda likaziba tundu la mvuke. Akanipigia simu, ametulia kabisa: "Kitu chako kilikuwa kinapiga mluzi, sasa kimenyamaza."

"Weee! Mama, zima gesi! Toka nje, usikiguse!"

Kilipoa chenyewe, Mungu ni mwema. Sufuria ilikuwa imegeuka nyeusi ndani na maharage yananuka sabuni. Kaka alipopata habari alinipigia akifoka kwamba nataka tumzike mama na maharage. Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa. Nikarudi Kwihara, nikaisugua ile sufuria, nikakaa na mama tukapika pamoja mpaka akaizoea. Haukupita muda akawa anapika maharage kwa gesi kidogo tu. Kikohozi kikaisha. Nikaanza kumtambia kaka, na natamba kweli nikiamua.

Halafu Jumapili moja nikatoka kanisani nikaenda kumsalimia, nikakuta mlango umefungwa. Nikabisha. Nikasikia sauti ndogo ndani. Mama alikuwa kitandani na malaria, siku ya pili hiyo, simu imeisha chaji, hata maji ya kunywa yamemwishia. Nilipiga kelele, jirani wa ng'ambo ya njia akaja mbio, mama mmoja wa rika lake, na alipomwona akashika kichwa. "Mimi si nilijua yupo anapikia hiyo gesi yenu!" Zamani, akiamka, jambo la kwanza alikuwa anatazama paa la jiko la mama. Moshi usipotoka, anavuka njia kuuliza kuna nini. Tangu nilete gesi moshi hautoki siku yoyote, basi akaacha kutazama. Wala hakuna tena aliyekuja kuomba kijinga cha moto.

Kaka hakunifokea safari hii. Alisema tu, "Umeona?" Hilo liliniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeona.

Mama alipopata nguvu hakunilaumu wala hakulia. Aliniambia, "Gesi huwezi kumchotea mtu. Litoe hilo jiko nje." Tukalihamishia barazani, upande wa njia, tukalizungushia ukuta mfupi wa tofali kuzuia upepo. Kisha akamwambia jirani alete maharage yake. Kwenye kuni maharage makavu yanakula asubuhi nzima, kwa presha hata nguo hujamaliza kufua yameiva. Jirani akaleta bakuli, akaleta na mwenzake. Yakawa mazoea: kukicha tu wanawake wanapita na mabakuli, na mama akichelewa kufungua wanagonga mlango kama wanadai kodi.

Mawingu yalipoanza kukusanyika kaka alikuja na pikapu. Nilikuwepo. Aliliacha gari likiunguruma njiani, akapanda barazani, akawaamkia wanawake wote waliokaa na mabakuli yao shikamoo, wakaitikia marahaba.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Tulishaongea."

"Unampeleka wapi," jirani akadakia, "na maharage yangu yako motoni?"

Kaka akanitazama. Nikamwambia, "Usinitazame mimi."

Akachuchumaa mbele ya kigoda cha mama, sauti imeshuka. Ninamjua kaka yangu. Alikuwa anaogopa, kama mimi. "Mama, siku ile uliumwa hapa, hakuna mtu aliyejua."

"Kweli," mama alisema. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso. "Na kwako? Wewe na mkeo mnatoka alfajiri, watoto wanakwenda shule, geti linafungwa. Nikianguka saa nne asubuhi, nani atajua?"

Kaka akainuka, akaenda kulizima gari.