Mume wangu kaiba mchoro wangu wa banda la vioo, na kaiba ule mbovu

Admin, naomba unifichie jina, na uwanja wa maonyesho usiutaje, maana Mwanza tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa mwaka wa saba huu, nina mtoto mmoja, naishi Nyegezi. Mimi na mume wangu tunafanya kazi karakana moja ya vioo na alumini kule Igogo. Yeye ni fundi mkuu. Mimi kwenye karatasi ni karani wa ofisi, ila chuoni nilisomea uchoraji wa majengo, na michoro mingi inayotoka pale ni mkono wangu. Wateja hawajui. Sikuwahi kulalamika, nilijua tunajenga nyumba moja.

Mwaka huu bosi alichukua nafasi ya nje, juani, kwenye maonyesho ya biashara. Ni mzee wa Kihindi, familia yake imeuza vioo mjini hapa tangu kwa babu yake, na amechoka kusikia kwamba kioo ni cha dirishani tu. Alitaka banda ambalo kioo chenyewe kinabeba watu: ngazi ya kioo na jukwaa la kioo linalofika mtu kifuani, bila nguzo katikati. Wenye hoteli zinazojengwa kando ya ziwa wapande wenyewe, waamini. Akasema atakayeleta mchoro mzuri ndiye atakayeongoza kitengo kipya cha kazi hizo.

Nilichora wiki tatu. Wenzangu wakienda kula samaki mchana, mimi nimeinama mezani. Mchoro wa kwanza ulipendeza macho: kioo kimoja kinene, kimelala moja kwa moja juu ya chuma. Siku mume wangu alipokwenda Geita kufunga madirisha, nikajaribu kipande uani. Asubuhi nilikipanda, kikanibeba vizuri. Saa nane jua lilipokolea na chuma kikapata moto, kikapasuka chenyewe, hakuna mtu juu yake, kikamwagika chini kama chumvi ya mawe. Niliona aibu, nikafagia, nikanyamaza. Nikachora upya: vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, ili kimoja kikipasuka kingine kishike, na mpira kati ya kioo na chuma. Huo wa pili nikauweka pochini nikisubiri kikao cha kuonyesha michoro. Wa kwanza ulibaki kwenye droo ya ofisini.

Siku ya kikao mtoto alishikwa na homa, nikampeleka hospitali, nikachelewa. Nafika, namkuta mume wangu amesimama mbele ya watu, mchoro wangu wa drooni umebandikwa ukutani, chini yake jina lake. Bosi akaniuliza kama nilijua mume wangu ana kipaji namna hii. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akacheka, akasema, "Mke wangu ndiye aliyeninyooshea mistari."

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Nyumbani nilimuuliza. Hakukana hata kidogo. Alisema kitengo hakiwezi kuongozwa na mwanamke, mafundi hawatanisikiliza, na kwamba cheo chake ni cheo changu. Halafu akaomba chai. Nikamwekea chai, na moyoni nikaapa kwamba huyu mwanaume ataumbuka mbele ya watu wale wale. Habari ya kipande kilichopasuka uani sikumwambia.

Sasa nafika sehemu ambayo naona aibu kuiandika. Wiki iliyopita bosi aliniita peke yangu. Vioo vya ule mchoro mbovu vilikuwa vimeshafika. Akaniambia, "Binti, wewe umesoma mambo haya. Mchoro huu uko sawa?"

Nikamtazama machoni, nikamjibu, "Uko sawa, bosi. Mwenye mchoro anajua."

Nilitoka pale nasikia raha, siwadanganyi. Nilishaiona siku yenyewe: kamera, wageni, suti yake mpya, na kioo kinamwagika kabla hajamaliza hotuba. Nilijiambia kitapasuka kikiwa kitupu kama kile cha kwangu, na hakuna kitakachoumia ila jina lake.

Jana mama mkwe kanipigia kutoka Sengerema. Wengi mnalalamikia wakwe, mimi wangu ni mama kabisa. Alinilelea mtoto miaka miwili nimalizie chuo. Shemeji zangu waliposema nirudishwe kwetu kwa sababu nasoma badala ya kuzaa wa pili, aliwaambia anayetaka kunirudisha aanze kumrudisha yeye. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia kwa furaha kwamba atavuka na kivuko Ijumaa ya wiki ijayo.

"Mume wako kasema Jumamosi mimi ndiye nitapanda wa kwanza hiyo ngazi ya vioo, watu wote wakiangalia," akasema. "Nivae viatu gani mwanangu, nisiteleze?"

Nikamwambia, "Vaa raba, mama."

Nimeamka leo, nikautoa mchoro wa pili pochini. Kumzuia mama peke yake haitoshi, kwa sababu mwanawe atapanda, na wageni watapanda. Vioo sahihi vikiagizwa Dar kesho asubuhi vitawahi, zaidi ya hapo havitawahi. Nikimpa mume wangu mchoro wa pili, atauandikia jina lake na kushangiliwa mara mbili kwa jasho langu. Nikienda kwa bosi, ni lazima nikiri kwamba nilimdanganya huku namtazama, na hapo kazi sina, na ndoa pengine sina.

Msiniambie nimsamehe, hilo silitaki, nataka aumbuke na bado nataka. Niambieni tu nianzie kwa nani kabla ya saa mbili kesho asubuhi, mume au bosi. Nijibuni leo, maana nikijiachia mwenyewe, najijua, nitanyamaza.