Nywele Hazikanyagwi

Mamdogo alirudi shuleni katika umri ambao wenzake walikuwa wanapeleka watoto wao huko. Siku ya usajili nilimsindikiza chuoni, na kwenye foleni nikamwita kama ninavyomwita nyumbani: "Mamdogo, kalamu yako imedondoka." Vijana waliokuwa nyuma yetu wakacheka, na tangu siku hiyo darasa zima likamwita Mamdogo, hata wenye ndevu. Hakukasirika. Alisema ni afadhali hivyo kuliko kuitwa dada na mtu ambaye ungeweza kumnyonyesha.

Kabla ya hapo alikuwa msusi. Ukikaa kwenye kiti chake alikushika kidevu, akakugeuza kushoto na kulia, ndipo akakwambia utasukwa nini. Hakuna aliyebishana naye. Kwenye meza ya saluni kulikuwa na rundo la majarida ya muziki kwa ajili ya wateja wanaosubiri, lakini yeye ndiye aliyeyatazama zaidi. Majalada aliyoyapenda aliyakata na kuyabandika kuzunguka kioo, kisha akawa anayakosoa huku anasuka: huyu wamemkata sikio, huyu maandishi yamemmeza, huyu angegeuzwa kidogo tu angeongea. Mteja mmoja akachoka, akamwambia, "Si ukatengeneze la kwako basi?"

Mteja alikuwa anatania. Mamdogo alikwenda chuoni kuchukua fomu za kozi ya usanifu wiki ileile.

Mama yangu, ambaye ndiye dada yake mkubwa, hakufurahia jambo hilo hata kidogo. Alikwenda kimyakimya kwa mwenye saluni akamwomba asimpe mtu mwingine kiti cha mdogo wake. Kwa hiyo kiti kilibaki pale dirishani, kimefunikwa taulo, na kila tulipopita mtaa ule Mama alikuwa akisema, "Kile pale, kinakusubiri," kama vile anamwonyesha mtoto aliyeachwa.

Na kwa muda ilionekana Mama ataibuka mshindi. Katika chuo kile, mradi mkubwa wa mwaka ulikuwa kusanifu jalada la *Paza*, jarida la muziki la wanafunzi. Mwaka wa kwanza Mamdogo alipiga picha kwa simu, akaikuza, na ilipochapwa ikatoka chengachenga, msanii anafanana na sakafu ya vigae. Ilikataliwa mezani kabla ya kufika mbele za watu. Kanuni iliruhusu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, masomo yameishia hapo, na kiti kiko dirishani.

Mara ya pili hakutaka masihara. Aliazima kamera nzuri, na akamchagua Radi.

Radi alikuwa msichana mwembamba aliyepiga ngoma katika bendi ya chuo. Alipoongea ulilazimika kumsogelea ili umsikie. Alipopiga, vioo vya madirisha vilitetemeka. Alikuwa mteja wa Mamdogo tangu utotoni. Wanafunzi wengine walikuwa wanawagombea waimbaji, na Mamdogo aliponiambia amemchukua mtu wa nyuma kabisa jukwaani, nilimpenda zaidi. Mimi mwenyewe ni mtu wa viti vya nyuma.

Tatizo ni kwamba Radi, akipiga ngoma, huinamisha kichwa mpaka humwoni uso.

"Inua kichwa, mwanangu," Mamdogo alimwambia siku ya picha, mimi nikiwa nimeshika shuka jeupe la kurudisha mwanga.

"Nimeinua."

"Umeinua nyusi. Inua kichwa."

Akainua. Akawa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho huku ameshikishwa vijiti. Lakini Mamdogo alikuwa amemsuka utosini kitu kama taji, na taji lile lilikuwa zuri sana hata ukasahau uso uliokuwa chini yake. Kwetu sisi picha ikapita.

Kazi yangu ilikuwa kusahihisha maandishi. Nilipoangalia kompyuta yake niliona jina la jarida amelitia chini kabisa, miguuni.

"Mamdogo, mengine yote jina liko juu."

"Juu kuna nywele."

"Wanalipitisha juu ya nywele. Ndivyo wanavyofanya."

Alinitazama kama mtu niliyetia kiatu kwenye sinia. "Nimekaa asubuhi nzima nasuka, halafu nichukue herufi nizikanyagie nywele za mtoto wa watu? Nywele hazikanyagwi, Profesa." Profesa ni mimi; ananiita hivyo akitaka ninyamaze. Nikarudi kwenye koma zangu.

Siku moja kabla ya majalada kuhukumiwa tulikwenda chuoni kuuliza habari za karatasi ya kuchapia. Mwalimu wake wa usanifu alikuwa juu ya ngazi, anafunga kamba kwenye korido ndefu. Aliamini kwamba jalada halihukumiwi ofisini. Kila mwaka aliyatundika yote kwa vibanio vya nguo, akasimama na ndoo ya vibanio vingine, na kila aliyepita, awe mpishi au mkuu wa chuo, alipewa kimoja akibanie jalada ambalo angelichukua dukani. Lenye vibanio vingi linachapwa. Yanayobaki mkiani yameanguka.

Mamdogo aliijua habari ya kamba, ila mwaka uliopita hakufika huko, kwa hiyo hakuwahi kuona majalada yanavyopangwa. Sasa aliona. Mwalimu alikuwa anajaribu kwa majarida ya zamani, safu juu ya safu, na kila safu ilifunika tumbo na miguu ya safu iliyo nyuma yake, vilevile kama kwenye meza ya muuza magazeti. Kilichoonekana ni vipande vya juu tu.

Mamdogo alisimama akashika mkoba kwa mikono miwili.

"Mwalimu, yatakaa hivihivi?"

"Hivihivi. Dukani nani atakutandikia lako peke yake?"

Kijana mmoja wa darasani kwao alikuwa amemshikia ngazi. Walimwita Meneja kwa kuwa kila mwimbaji aliyempiga picha alidai ni msanii wake. "Mamdogo," akasema, "kwani jina umeliweka wapi?"

"Chini."

"Chini!" Meneja nusura aachie ngazi. "Basi wewe kesho hutundiki jalada, unatundika tangazo la saluni."

Walicheka, na mwalimu naye akatabasamu kidogo. Mamdogo alicheka nao mpaka tulipofika getini. Hapo akaacha.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa nje. Nikamwambia turudi tu, tulihamishe jina juu, ni kazi ya dakika chache. Nilitegemea aniite Profesa.

"Najua ni dakika chache," alisema. "Na litapita, labda. Litakuwa kama yale mengine. Nilikiacha kiti changu ili nifanye kama wale wengine?" Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na kioo, "Pale juu kuna nini? Kuna nywele. Jina linatakiwa liwe wapi? Juu." Akanigeukia. "Paza. Herufi ngapi zina tumbo la mviringo?"

"Moja tu. Ile P."

"Tumbo moja nalimudu. Mpigie Radi simu. Mwambie aje na subira."

Tulimfumua Radi lile taji kwenye chumba cha mazoezi cha bendi, karibu na dirisha kubwa. Sikuwahi kumwona Mamdogo akifumua kazi yake mwenyewe bila kununa. Safari hii alikuwa anaimba. Alichana, akagawa, akachukua rasta za manjano, nywele za bandia, ili herufi zionekane kwenye weusi, akaanza. Alisimama nyuma ya kiti, kama alivyosimama maisha yake yote. Alipomaliza P alirudi nyuma kuitazama, akaridhika. Nikaenda mbele, nikamwomba Radi ainame kama anapiga ngoma.

"Mamdogo," nikasema, "imesimama kwa kichwa."

Akaja upande wangu, akatazama. P ilikuwa miguu juu. Msusi yuko nyuma, msomaji yuko mbele, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria hilo. Radi akauliza kutoka huko chini alikoinamia, "Kwani nimeandikwa nini?"

"Bado hujaandikwa kitu," alisema Mamdogo. "Inuka nikufumue."

Mara ya pili alisukia mbele. Miaka yote ya ususi hakuwahi kusuka mtu akiwa amemkabili. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vilikozoea na yeye anavirudisha. Pua ya Radi ilikuwa imezama tumboni mwake.

"Unahema?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Usicheke, utanipindishia Z."

Herufi zikaja moja baada ya nyingine, kutoka sikio hadi sikio, nene, za manjano, zimelala juu ya mistari myembamba iliyonyooka kama ya daftari. Jua lilikuwa bado liko dirishani alipofunga mkia wa A ya mwisho. Nikachukua shuka langu. Mamdogo akapanda juu ya stuli na kamera.

"Sasa, mwanangu," alimwambia Radi, "piga. Na kichwa chako kipeleke kinakotaka."

Radi akainama na kupiga. Chumba kizima kikatikisika, shuka likanitetemeka mikononi, na kupitia kelele ile nilimsikia Mamdogo akipiga kelele pale juu ya stuli, "Hapo! Hapohapo! Usitoke!"

Asubuhi ya kamba tulifika karatasi ikiwa bado na harufu ya wino. Mwalimu alilipokea jalada, akalitazama, akalitazama tena. Juu ya jalada hapakuwa na herufi za kompyuta hata moja. Kulikuwa na kichwa kilichoinama, mikono miwili iliyofifia kwa mwendo na ngozi ya ngoma.

"Hii fonti umeitoa wapi?"

"Sikuitoa mahali, Mwalimu. Nimeisuka."

Mwalimu akapanda ngazi. Alilitundika safu ya nyuma kabisa, mahali pabaya kuliko pote, na mengine yakalifunika tumbo kama alivyoahidi. Nilikwenda mwisho wa korido nikageuka. Majina ya mengine yalikuwa yanagombana na nywele, kofia na maikrofoni. La Mamdogo lilikuwa linasomeka kutoka pale nilipo: PAZA, la manjano, juu ya kichwa cha mtu.

Wa kwanza kupita alikuwa mfagiaji. Alichukua kibanio, akatembea na safu zote, akarudi akakibana kwa Mamdogo. Wakaja wasichana wa uhasibu kwa kundi, wakapiga mayowe, "Huyu ni Radi! Jamani, Radi ana jina kichwani!" na vibanio vikalia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Radi mwenyewe alikuwa amejificha nyuma yangu. Mkuu wa chuo alibana kimoja, akajaribu kuchukua kingine, mwalimu akamkatalia. Kabla ya adhuhuri kamba ya nyuma ilikuwa imelegea upande mmoja kwa uzito, na mwalimu akalazimika kuikaza.

Meneja alikaa muda mrefu na kibanio chake mkononi. Mwishowe akaja, akakibana pembeni ya vile vingine.

"Mamdogo, naomba uelewe kwamba Radi ni msanii wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi hii."

"Basi mlipie rasta," Mamdogo akasema, na korido nzima ikaangua kicheko. Safari hii alicheka mpaka mwisho.

Mama alikuja ndoo ilipokuwa inakaribia kwisha. Sikujua kama angekuja. Alikuwa amevaa nguo za kutokea. Mwalimu akampa kibanio kama mpita njia yeyote, naye akatembea polepole mbele ya kamba, anayatazama yote, kwa haki, hata ya Meneja. Alipofika kwenye la mdogo wake alisimama. Akainua jalada la mbele kwa vidole viwili aone ya chini: ngoma, mikono, jina dogo la msanifu pembeni. Akaliachia, akatafuta nafasi ya kubana. Hapakuwa na nafasi ukingo wote wa juu, ikabidi abane juu ya kibanio cha mtu mwingine.

Mwalimu alipotangaza jalada litakalochapwa, kelele zilikuwa nyingi hata jina halikusikika, ila kila mtu alikuwa anamtazama Mamdogo. Radi alitoka nyuma yangu akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake kutoka mbali.

Mama alingoja watu wapungue.

"Ile Z," alisema, "umeisuka vizuri."

"Ilinitoa jasho, dada."

"Imeonekana." Akamrekebisha mdogo wake kola ya blauzi, ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Leo nikirudi nitapitia pale saluni. Nimwambie yule mama ampe mtu mwingine kile kiti."