Kioo Ambacho Sikukigeuza

Mwanangu Zaina, iko siku moja ya wakati wa vita ambayo hata leo nikiikumbuka naona aibu, na sijawahi kukusimulia. Lakini juzi ulinipigia simu kutoka huko Ulaya, sauti imejaa furaha, ukasema, "Koko, niombee dua, wiki ijayo nasimama mbele ya wakubwa niwaambie nimeona kitu kipya." Dua utaipata. Ila mimi koko yako, bibi yako, ni mzee wa Kindu, na mzee wa Kindu hatoi dua bila maneno. Kaa basi usikilize.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, maana umenifundisha kazi yako kwa simu kidogo kidogo, na mimi si mjinga sana. Mnagonganisha chembe ndogo kupita vumbi, halafu mnaangalia zinazoruka kutoka kwenye mgongano. Kila chembe inazunguka, na mzunguko wake una upande inaoelekea. Wenye masomo wanaita polarizasioni. Wengine wanahesabu tu zimetoka ngapi. Ukihesabu hivyo, za kushoto na za kulia zinafunikana, na mambo yote yanaonekana sawa na sheria za zamani. Nyinyi mnazitenga. Zikiegemea upande mmoja kuliko sheria zinavyoruhusu, mnajua kuna kitu kisichojulikana kilichopita pale. Nawe unasema umeuona mwegemeo huo. Nimefurahi mpaka majirani zangu wa hapa mtaa wa Alunguli wamechoka kunisikia.

Sasa nikuambie habari zangu. Kabla ya vita nilikuwa msichana wa laboratwari, maabara, kule Kalima, kwenye kampuni ya madini. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mchanga kwa mikroskopu, nitambue kasiterite, jiwe la bati, kati ya mawe mengine mazito. Mikroskopu ile ilikuwa na vioo viwili vya kuchuja mwanga. Fikiria ua wa fimbo zilizosimama: karatasi ukiishika wima inapita, ukiilaza haipiti. Kioo cha chini ni ua wa fimbo zilizosimama, cha juu ni ua wa fimbo zilizolala. Mwanga uliopita wa kwanza unazuiwa na wa pili, na wewe unaona giza tupu. Weka katikati punje ya kasiterite: inaupindisha mwanga, na punje inawaka rangi ndani ya giza. Weka grena, lile jiwe la kahawia lisilotufaa kitu, na giza linabaki giza.

Vita vilipofika Kalima, kila mtu alikimbia na alichokipenda. Wenzangu walibeba sufuria na magodoro. Mimi nilijitwika mikroskopu kichwani, nimeifunga kitenge, nikatembea nayo siku nne hadi Kindu. Mama yangu alinigombeza njia nzima: "Tutakula hiyo chuma yako?"

Hapa Alunguli habari zikaenea haraka. Wachimbaji wa upande wa Pangi wakawa wanashuka na mchanga umefungwa kwenye vitambaa, wakiuliza iko wapi nyumba ya mademoazeli wa mashini, ndivyo walivyoniita. Nikawa nasema ndiyo au hapana, na neno langu likawa linasimama. Wakanisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mwanangu, na mimi niliyatia mengi.

Kiangazi kikiwa katikati, wakaja watu sita wa kijiji kimoja, wakiongozwa na Mama Feza, mama mzee aliyelima mpunga maisha yake yote. Walikuwa wamekuta mchanga mzito kwenye kijito.

"Tuko mu kufyeka mashamba," akaniambia. "Kama hii njo kasiterite, tunaacha, tunachimba. Kama hapana, tunarudia shamba. Utuambie kweli, mama."

Wewe umezaliwa mjini, lakini unajua: msitu usipofyekwa na kuchomwa kabla ya mvua, mwaka huo hakuna mpunga. Mama yule alikuwa ananiuliza habari ya chakula cha kijiji kizima. Na mlangoni walikuwa wanangoja watu wengine kumi, wananiita. Nikamwaga punje, nikainama, nikaona mwanga mzuri. "Ni kasiterite. Nendeni mkachimbe." Sikutumia hata dakika mbili.

Wakachimba miezi miwili. Wakabeba mifuko mgongoni, wakapita vizuizi vya askari, Mungu anajua vipi, wakafika kwa mnunuzi. Mnunuzi akaweka punje juu ya kipande cha zinki, akamwagia asidi, akangoja zivae ngozi ya kijivu ya bati. Hazikuvaa. Ilikuwa grena, yote. Mvua ya kwanza ikakuta msitu umesimama.

Mama Feza alikuja kwangu peke yake. Mimi nilikwisha kujiandalia maneno: labda mmechanganya mchanga, labda mmechimba pahali pengine. Nyani haoni kundule! Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mutoto yangu," akasema, "unionyeshe vile ulifanya."

Nikaweka punje, nikamwita aangalie.

"Mwangaza iko," akasema. "Sasa utoe ile muchanga. Uache kioo bule, bila kitu."

Nikatoa. Akainama tena, akakawia. "Mwangaza ingali iko."

Nikamsogeza, nikaangalia mwenyewe. Bila kitu katikati nilipaswa kuona giza. Safari ya kutoka Kalima ilikuwa imelegeza kioo cha juu, kikawa kinazunguka kidogo kidogo, mpaka zile nyua mbili hazikukatana tena sawasawa. Mwanga niliowaambia waufuate ulitoka kwenye chombo changu mwenyewe. Kule Kalima kazi ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuangalia bila mchanga, na kugeuza kioo mpaka giza lije. Nilikuwa nimeacha. Watu wananisubiri, watu wananisifu, nigeuze vioo kwa sababu gani?

"Miye siku ya soko," akasema Mama Feza, "mbele ya kupimia muntu muchele, ninageuza kopo juu-chini, ninalipiga, aone iko bule. Hata muntu mwenye kunijua tangu utoto. Weye ulisoma, na haukugeuza kopo?"

Mwaka ule watu wa kijiji kile walichimba mihogo kabla haijakomaa, halafu wakala mbegu ya mpunga. Unajua mtu wa huku kwetu Maniema anajisikiaje akipika mbegu? Naomba usijue kamwe.

Mimi nikaisukuma mikroskopu chini ya kitanda. Aliyekuja na mchanga nilimfukuza. Nilidhani huo ndio unyenyekevu. Miezi ikapita, Mama Feza akarudi na kitambaa kingine mkononi. Nikamwambia siwezi tena, nitaua watu. Hapo ndipo alipokasirika, yeye ambaye siku ile ya kwanza hakupaza sauti hata kidogo.

"Jembe ikikukata muguu, unaitupa mu muto ya Lualaba? Tutalima na meno?"

Nikaitoa. Nikageuza kioo mpaka giza likaja, nikamwambia alione kwanza yeye. Ndipo nikaweka mchanga, nikauzungusha mzunguko mzima, pole pole. Punje zikawaka, zikazimika, zikawaka tena, zikazimika tena, jinsi kasiterite inavyofanya.

"Njo yenyewe?" akauliza, yaani ndiyo hasa.

"Njo yenyewe, mama." Nilisema kwa sauti kubwa, wala sikutetemeka.

Akafunga kitambaa chake. "Basi tutafyeka kwanza. Tutachimba kisha."

Haya Zaina, hilo ndilo nililokuitia. Kabla ya wiki ijayo, chukua chembe zile unazojua kwa hakika hazina mwegemeo wowote, uzipitishe kwenye mashini yenu na kwenye hesabu zenu zilezile. Zikionyesha mwegemeo, ujue ni wa mashini, nyamaza, urekebishe. Geuza kila kinachoweza kugeuka, na umwite mwenzako asiyekupendelea aangalie kabla yako. Usikimbizwe na kundi lile lingine la watafiti unalosema litawatangulia. Wacha watangulie, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini ukishapima yote, na mwegemeo wako ukakutwa palepale, usiuweke chini ya kitanda. Simama mbele ya wakubwa wako useme "njo yenyewe," hata wakikunja uso. Nakujua, utaweza. Mtu aliyepima hana sababu ya kutetemeka.

Mungu akutie subira machoni na nguvu kwenye ulimi. Akukinge na sifa za watu, na akukinge na woga vilevile. Mikono yangu yote miwili iko juu ya kichwa chako. Na ukishapima unipigie simu siku hiyohiyo. Ukikuta lilikuwa kosa la mashini, ndipo unipigie mapema zaidi, maana nataka niwe wa kwanza kukupa hongera.