Jenereta ya Ghala la Viazi

Shemeji yangu Rosaire Gendreau, kaka mkubwa wa mume wangu, hakuwahi kuoa. Ukimuuliza sababu, atakwambia alikuwa na viazi vya kuangalia. Na ni kweli. Aliingia ghala la mzee Lévite Corriveau akiwa mvulana, vuli ile shule ilipofungwa ili watoto wakavune, na ilipofunguliwa yeye hakurudi darasani. Nywele zilimnyonyokea humo humo ghalani.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya majira ya baridi. Viazi vikishaingia ghalani havitakiwi kuganda, wala havitakiwi kupata joto, na feni lazima zizunguke usiku na mchana. Umeme ukikatika, mali yote inaweza kuoza kabla watu hawajajua la kufanya. Kwa hiyo mzee Lévite alinunua jenereta kubwa nyekundu yenye magurudumu, na Rosaire ndiye aliyeilea. Alikuwa akiweka kiganja juu ya tangi lake, anafumba macho, kisha anasema, "Leo ina mafua," na kweli ungekuta kabureta imeziba. Dhoruba ikija, watu wa kando ya mto wakisikia ngurumo ya mashine ile wanajua Rosaire yupo kazini na viazi vya Lévite viko salama.

Aliishi peke yake katika nyumba ya wazazi, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu. Mama mkwe alifia chumba cha chini, karibu na jikoni, akatolewa kwa mlango wa mbele, na Rosaire alishatuambia mara nyingi kwamba na yeye atatolewa kwa mlango huo huo. Mimi nikiwa kwenye sinki naona nyumba yake yote. Miaka mingi kila asubuhi nilitazama bomba lake la moshi. Likitoa moshi, najua ameamka, naendelea na mambo ya watoto.

Kisha akaanguka kwenye rundo la mapipa na bega likavunjika. Daktari akamkataza kupasua kuni. Rosaire akaliuza jiko lake la kuni kwa wawindaji fulani, akajichagulia jiko jipya linalokula punje za mbao, zile zinazouzwa kwenye mifuko kama chakula cha kuku. Unamimina juu, unabonyeza kitufe, jiko linajilisha lenyewe na nyumba nzima inapata joto. Aliipenda kazi yake hiyo mpya ya kubonyeza. Mimi jiko lile sikulipenda. Halitoi moshi wa kuonekana. Ikabidi nimwombe awe anafungua pazia la jikoni kila akiamka.

"Shemeji," akaniambia, "unataka kujua kama nimekufa, au unataka kujua nimevaa nini?"

"Vyote viwili."

"Basi Jumapili nitafunga tai."

Ubaya wa jiko lile ni kwamba bila umeme halifanyi kitu. Linahitaji umeme kuwaka, kusukuma punje na kuzungusha feni. Mwezi wa kumi na moja umeme ulikatika siku nzima, na Rosaire akaja kwetu kula supu akiwa amevaa makoti mawili. Aurèle, mume wangu, alimtazama akila.

"Kaka, sikiliza. Ama ununue jenereta kabla ya Krismasi, ama uhamie huku kwetu. Mtu wa umri wako hawezi kukaa kwenye nyumba iliyoganda."

"Nihamie huku nilale wapi? Kwenye bafu?"

"Sitanii."

"Najua hutanii. Hujawahi kutania tangu ubatizwe."

Lakini alielewa. Jumamosi hiyo mimi na yeye tulikwenda mjini Fort Kent kwenye duka la mashine. Pale anauza mama mmoja anaitwa Noëlla, mwenye msuko mrefu wa mvi na mikono ya fundi. Nilimweleza juu ya jiko. Akatuonyesha jenereta ndogo ya inveta, ya rangi ya bluu, ina mkono wa kubebea.

Rosaire akaizunguka. "Hii ni ya kuweka chakula cha mchana?"

"Cheka tu, babu. Jiko lako lina bodi ndani, vitu vidogo vidogo vinavyolifikiria. Vinataka umeme uliotulia, kama wa hii ya inveta. Hizi kubwa za kizamani umeme wake unaruka. Taa haijali, msumeno haujali. Bodi inajali, inaungua."

"Na mimi nikipewa kahawa mbaya naruka. Mbona siungui?"

"Wewe huna vitu vidogo vidogo vya kufikiria."

Tulicheka mpaka mteja mwingine akageuka. Rosaire akaiwasha. Akaweka kiganja juu yake kama kawaida yake, akakunja uso, akainama kuweka sikio.

"Inafanya kazi kweli hii? Siisikii."

"Ndiyo uzuri wake."

"Mashine usiyoisikia utajuaje kama inaumwa?" Lakini aliinyanyua kwa ule mkono wake mzima, akaona anaiweza, na nikaona uso unalainika. Akamwambia Noëlla amwekee mpaka Jumamosi inayofuata.

Katikati ya wiki ile mzee Lévite aliwaita wafanyakazi wake wote, wa sasa na wa zamani, kula chakula cha jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Watoto wake wote wako mijini na hakuna anayetaka viazi, kwa hiyo alikuwa anafunga ghala. Tulikula kuku wa mchuzi na chapati za ngano nyeusi. Mwisho Lévite akasimama, anashikilia meza. Aliwashukuru watu kwa majina. Alipofika kwa Rosaire akaonyesha mlango tu. Vijana wakaufungua, na pale nje kwenye theluji ilikuwepo ile jenereta nyekundu, imeoshwa, imefungwa utepe.

"Hakuna mwingine anayestahili kuwa nayo," akasema Lévite. "Nasikia una jiko linalohitaji umeme. Basi mchukue rafiki yako, akulinde."

Watu walipiga makofi. Rosaire alilia, na mimi sikumbuki kumwona akilia hata kwenye mazishi ya mama yake.

Kwenye gari nilingoja hadi Aurèle alipopunguza mwendo kwenye kona, nikasema, "Shemeji, na ile ya Noëlla?"

"Ipi?"

"Unajua ipi."

Akageukia dirisha. "Lévite anapita mbele ya nyumba yangu kila Jumapili akienda misa. Umeme ukikatika, anategemea kusikia nini? Kijisanduku kinanong'ona?"

"Noëlla alisema bodi..."

"Noëlla ni mfanyabiashara, lazima aseme. Mashine hii imelisha feni za ghala zima, shemeji. Itashindwa na jiko la kubonyeza?"

Aurèle akasema, "Angalau ijaribiwe," na Rosaire akaijaribu kesho yake. Aliijaribu kama walivyokuwa wakijaribu ghalani: taa moja, keekee moja, kisha friji. Vyote vikafanya kazi. Jiko hakuligusa, maana lilikuwa linawaka vizuri na hakutaka kulizima kwenye baridi ile kwa ajili ya majaribio. Jioni alimpigia simu Noëlla amwambie asiendelee kumwekea.

Mvua ya barafu ilianguka mwishoni mwa Januari. Tuliamka tukakuta kila tawi limevikwa kioo, na nguzo za umeme zimelala barabarani hadi Grand Isle. Aurèle akavuka kumsaidia kaka yake kuvuta kamba. Jenereta ikawaka mvuto wa kwanza. Nitasema ukweli, niliposikia ngurumo ile nilifurahi. Nilisimama dirishani nikamwona Rosaire jikoni kwake, kavaa fulana tu, ananinyanyulia kikombe cha kahawa.

Lakini nilikuwa naiona na taa yake ya jikoni. Kila pampu ya kisima ilipoingia kazini, taa ilififia, kisha ikawaka kali kuliko kawaida, kisha ikatulia. Ikafifia tena. Nilivaa buti nikavuka nikamwambie. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiko, anabonyeza kitufe, anabonyeza tena. Kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Nje mashine ilikuwa inanguruma vizuri kabisa.

"Lilifumba macho tu," akasema. "Kama mtu."

Aurèle alifungua ubavu wa jiko. Bodi ilikuwa na doa la kahawia, limepasuka katikati. Tulipiga simu, bodi nyingine ingeagizwa mbali na barabara zilikuwa zimefungwa. Tukachomeka hita ndogo ya umeme, ikapasha jikoni peke yake, na jenereta ile inakunywa petroli kama ng'ombe wa maziwa anavyokunywa maji. Vituo vya mafuta navyo havikuwa na umeme wa kupampia. Ilipozimika kwa kukosa mafuta, kimya kile kilinitisha kuliko kelele.

Rosaire hakutaka kutoka. Aurèle alimshika mkono ule mzima, akamtoa taratibu kwa mlango wa mbele. Waliyatoa maji yote mabombani yasigande, lakini moja ndani ya ukuta lilikuwa limeshapasuka na hakuna aliyejua. Umeme uliporudi, pampu ikaanza yenyewe. Aurèle alipokwenda kuangalia alikuta maji yamejaa chumba cha mama yao, sakafu imevimba, karatasi za ukutani zinaning'inia, na chini kwenye msingi kumekuwa barafu tupu.

Rosaire alikaa kwetu hadi theluji ilipoyeyuka. Alikuwa mgeni mwepesi mno. Alikunja blanketi lake kabla sijaamka, kama mtu aliye stesheni. Fundi alipokuja kupima sakafu na ukuta, Rosaire alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akasema nyumba iuzwe. Sasa ana chumba kwenye nyumba za wazee huko Madawaska, karibu na kanisa. Joto linatoka ukutani, hakuna cha kubonyeza. Nampelekea chapati siku ya Alhamisi.

Alhamisi moja nilimkuta mzee Lévite amekaa pale na kofia magotini.

"Sikuelewi, Rosaire," alikuwa anasema. "Nyumba nzuri namna ile. Na mashine nimekupa mwenyewe, ungemaliza dhoruba kumi. Siku ile ya barafu nilifungua dirisha nikaisikia. Nikamwambia mke wangu, msikilize Rosaire."

Nilitazama sakafu.

"Ni magoti, Lévite," akasema Rosaire. "Zile ngazi zilinishinda."

"Lakini mashine ilifanya kazi?"

"Haikukohoa hata mara moja."

Lévite akapiga paja kwa furaha. Alikula chapati mbili na siagi, akasimulia habari za mwaka ambao mto ulipanda hadi mlangoni mwa ghala, kisha akaondoka polepole akishika ukuta.

Rosaire alingoja mlango ufungwe.

"Wale walionunua kule," akaniuliza, "wanapasha joto kwa kitu gani?"

"Wameleta jiko la kuni."

Akaitikia kwa kichwa, akasogeza sahani. "Wana akili," akasema. "Kahawa bado ipo?"